Elijah McCoy, mwana wa watoro aliyefunza mashine kujitia mafuta

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale zilizo na cherehani, hakikosekani kikopo kidogo cha mafuta chenye mdomo mrefu mwembamba. Fundi hukibonyeza kwa kidole gumba, tone moja likaingia katika tundu hili, tone jingine katika tundu lile, kisha akakirudisha mahali pake. Akizidisha, mafuta yatavuja juu ya kitambaa na kanzu ya mtu itaingia doa. Akipunguza, chuma kitasagana na chuma, cherehani italia, na mwisho wake itagoma. Ufundi wote wa kikopo kile umo katika kujua kiasi.

Huko Kilindini, kwenye reli na kwenye meli, kikopo hicho kilikuwa ndugu yake mkubwa. Zama za gari la moshi hapakuwa na injini iliyoondoka stesheni kabla mtu hajaizunguka akiwa na mkebe wa mafuta mkononi, akiinama chini ya mitaimbo, akinyoosha mkono kati ya magurudumu, akitia kidogo hapa na kidogo pale. Mafuta yalikuwa ghali, na kila tone lililomwagika juu ya kokoto lilikuwa hasara. Ndiyo maana mafundi wa nchi nyingi walitaabika kutafuta mkebe usiomwaga. Joseph Kaye wa mji wa Leeds, Uingereza, alipata sifa kwa mikebe yenye valvu ya kubonyezwa kwa kidole gumba, ambayo haitoi mafuta mpaka mwenyewe atake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyelitazama jambo hili kwa jicho jingine. Yeye hakuuliza mkebe utengenezwe vipi ili usimwage. Aliuliza kwa nini mashine isijitie mafuta yenyewe, tena ikiwa mbioni. Mtu huyo alikuwa Mmarekani mweusi, jina lake Elijah McCoy, na aliuliza hivyo kwa sababu mkebe huo ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Amefariki tangu 1929, na hapa kwetu ni wachache wanaomjua, ingawa maisha yake yana mengi yanayofanana na yaliyopita katika pwani hii.

WAZAZI WATORO

Elijah McCoy alizaliwa Colchester, katika jimbo ambalo leo huitwa Ontario, nchini Kanada. Tarehe inayotajwa na wengi ni 2 Mei 1844. Baba yake, George, na mama yake, Mildred, walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, Marekani, nao walitoroka.

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa maana ya mtoro. Neno hilo kwa wazee wetu halikuwa na maana ya mtoto anayekwepa masomo. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake akaenda kuanza maisha mapya mbali naye, kama wale waliojikusanya Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama. George na Mildred walikuwa watoro wa namna hiyo hiyo. Walisaidiwa na watu wema, weusi kwa weupe, waliokuwa wakiwapokea watoro kwa siri, wakiwaficha mchana na kuwasafirisha usiku kuelekea kaskazini. Mpango huo uliitwa Reli ya Chini kwa Chini. Haukuwa na chuma wala gari hata moja, lakini nyumba za kujifichia ziliitwa stesheni na viongozi wa njia waliitwa makondakta. Kwa hiyo mtu huyu aliyekuja kuyatumikia magari ya moshi maisha yake yote aliokolewa, kabla hajazaliwa, na reli isiyokuwa na reli.

Kanada wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na Waingereza walikuwa wameufuta utumwa katika makoloni yao tangu 1834. Mtoro aliyefika huko alikuwa huru. George akapata shamba, akalima, na mke wake akamzalia watoto kumi na wawili. Elijah alikuwa mmoja wao.

Ni vyema kukumbuka hali ya huku kwetu siku zile. Mwaka aliozaliwa Elijah, Mombasa ilikuwa chini ya Seyyid Said, na majahazi yalikuwa yakisafirisha watumwa katika bahari hii. Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Katika pwani ya Kenya utumwa ulikuja kuondolewa katika sheria mwaka 1907. Wakati huo Elijah McCoy alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, ana hati nyingi za uvumbuzi, na jina lake linajulikana katika makampuni ya reli.

SAFARI YA EDINBURGH

Inasemekana tangu utotoni Elijah alipenda kufungua vitu na kuvifunga tena ili ajue vinavyofanya kazi. Wazazi wake waliitambua akili hiyo wakaamua kuitafutia shule. Palipo na shida ni kwamba karakana za Marekani na za jirani zake hazikuwa na nafasi kwa kijana mweusi aliyetaka kuwa mhandisi. Wakajinyima, wakajibana, na alipofika miaka kumi na mitano wakampeleka ng'ambo, katika mji wa Edinburgh, Scotland.

Huko alikaa chini ya mafundi, akajifunza mashine za mvuke tangu boila hadi pistoni, mpaka akahitimu kuwa mhandisi wa mitambo. Kwa mtoto wa watu waliokuwa wakiuzwa na kununuliwa, hili halikuwa jambo dogo. Alirudi akiwa na elimu ambayo wengi katika makampuni ya reli ya Marekani hawakuwa nayo. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kurudi upande wa Marekani, karibu na mji wa Ypsilanti katika jimbo la Michigan. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepiganwa kutoka 1861 hadi 1865, na utumwa ulikuwa umefutwa nchi nzima.

Kijana akaenda kuomba kazi katika kampuni ya reli ya Michigan Central. Vyeti vyake vilikuwa safi. Lakini kampuni haikuwa tayari kumweka mtu mweusi katika daraja ya mhandisi. Ilimpa kazi iliyokuwapo kwa watu wa rangi yake: kuchochea moto wa boila na kutia mafuta. Mhandisi wa Edinburgh akakabidhiwa sepetu na mkebe.

MKEBE MKONONI

Ili kuelewa aliyoyaona, ni lazima msomaji aijue kazi yenyewe. Injini ya mvuke hufanya kazi kwa joto na msukumo. Mvuke huingia katika silinda na kuisukuma pistoni huku na huku, na pistoni huyazungusha magurudumu. Kila mahali chuma kinapopita juu ya chuma panahitaji mafuta. Pakikauka, chuma hushika moto, hukwaruzika, na huweza kukatika.

Siku zile mafuta mengi yalitiwa kwa mkono, na kwa sehemu nyingi ilibidi gari lisimame. Mtia mafuta alishuka, akaizunguka injini na mkebe wake, akamimina, akapanda, gari likaondoka. Baada ya mwendo fulani likasimama tena. Abiria walingoja, mizigo ilingoja, na makaa yaliendelea kuungua bure.

Na hasara haikuwa ya wakati tu. Kwa kuwa mtia mafuta hakujua atasimama tena saa ngapi, alimimina kwa wingi ili yadumu. Matokeo yake ni kwamba mwanzoni mwa safari mashine ilikuwa na mafuta kupita haja, yakidondoka njiani na kuchafua kila kitu, na mwishoni ilikuwa kavu. Kipimo kilikuwa kikubwa, lakini faida yake ilikuwa ndogo. Israfu na ukame vilikuwa katika mashine moja, katika safari moja.

Mtu asiyesoma angeifanya kazi hiyo na kwenda zake nyumbani. Mhandisi aliyekaa ofisini asingeiona, kwa sababu mikono yake haikuwa na mafuta. McCoy alikuwa vyote viwili kwa pamoja: ana elimu ya juu na yuko chini ya injini. Dhuluma aliyofanyiwa ndiyo iliyomweka pale penye tatizo. Hilo halisemwi kwa kuisifu dhuluma. Kwa mmoja aliyeweza kugeuza mkebe kuwa uvumbuzi, walikuwako wengine wengi wenye akili ambao waliishia na mkebe mikononi, na hasara hiyo hakuna aliyeipima.

TONE KWA TONE

Baada ya kazi McCoy alikuwa na karakana yake ndogo nyumbani. Humo alijaribu, akavunja, akajaribu tena. Tarehe 23 Julai 1872 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi, nambari 129,843, kwa chombo cha kutia mafuta katika silinda za injini za mvuke.

Chombo chenyewe kilikuwa kama kikombe cha chuma kilichofungwa juu ya silinda na kujazwa mafuta. Siri yake ilikuwa katika valvu. Mvuke ule ule unaoendesha injini ndio uliofanya kazi ya kuifungua valvu, na mafuta yakapata njia ya kushuka kidogo kidogo injini ikiwa mbioni. Hapakuwa na haja ya mtu kusimamisha gari wala kuning'inia pembeni na mkebe. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba ndiyo iliyolifikisha gari mwisho wa safari.

Haki itendeke kwa kila mtu: McCoy hakuwa wa kwanza duniani kuwaza hivi. Mwingereza John Ramsbottom alikuwa ametoa chombo chake mwaka 1860, kilichotumia akili nyingine ya kupendeza. Mvuke uliingia katika chombo, ukapoa, ukageuka maji. Kila mpishi anajua kwamba maji na mafuta havichanganyiki, na kwamba mafuta hukaa juu. Basi maji yalizama chini, yakayainua mafuta, na kiasi kile kile cha mafuta kilichoinuliwa kikamiminika ndani ya mashine. Wengine pia walifuata njia hizo. Sifa ya McCoy ni kwamba hakuacha. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliendelea kutengeneza na kurekebisha vyombo vya aina hii, kadiri injini zilivyozidi kuwa kubwa na kuwa kali, na vikatumika katika reli, katika meli na katika viwanda.

Kwa jumla alipata hati za uvumbuzi hamsini na saba. Nyingi zilihusu mafuta ya mashine, lakini hakuisahau nyumba. Mwaka 1874 alipata hati ya meza ya kupigia pasi, na mwaka 1899 hati ya chombo cha kunyunyizia maji bustani.

Wazungumzaji wa Kiingereza wana msemo wa kuita kitu halisi, kisichokuwa bandia, McCoy wa kweli. Wengi husimulia kwamba msemo huo ulitokana na wanunuzi waliodai chombo chake na kukataa vya kuiga. Wachunguzi wa lugha wanaonyesha kwamba msemo wa namna hiyo, kwa jina la Mackay, ulikuwa ukitumika Scotland tangu 1856, kabla yeye hajavumbua kitu. Hata hivyo heshima yake haitegemei msemo. Zile hati hamsini na saba zinatosha.

JASHO LA MTU NA MALIPO YAKE

Msomaji huenda akadhani mtu wa namna hii alikufa tajiri. Haikuwa hivyo. Kuvumbua ni jambo moja, na kupata fedha za kujenga kiwanda ni jambo jingine. McCoy hakuwa na mtaji. Mara nyingi ilimlazimu kuuza haki za uvumbuzi wake, zote au sehemu, kwa wenye fedha, ili apate gharama za kuendelea na uvumbuzi mwingine. Vyombo vikatengenezwa na kuuzwa na wengine, na vingi havikuwa na jina lake. Aliyekuwa amezuia upotevu wa mafuta hakuweza kuzuia upotevu wa jasho lake mwenyewe.

Maisha ya nyumbani nayo yalikuwa na majonzi. Mwaka 1868 alimwoa Ann Elizabeth Stewart, ambaye alifariki 1872, mwaka ule ule wa hati yake ya kwanza. Mwaka 1873 alimwoa Mary Eleanora Delaney, akaishi naye miaka hamsini. Walihamia mji wa Detroit mwaka 1882. Bibi Mary alikuwa mwanamke wa shughuli za jamii, na alikuwa miongoni mwa waliosimamisha nyumba ya kuwatunza bibi wazee weusi katika mji huo, iliyopewa jina la mshairi Phillis Wheatley.

Mwaka 1915, akiwa amepita miaka sabini, McCoy alipata hati ya chombo kingine. Injini mpya zilikuwa zikitumia mvuke mkali mno, na mafuta ya kawaida yaliungua kabla ya kufanya kazi. Yeye akachanganya mafuta na grafiti, ule unga mweusi ulio ndani ya kalamu za risasi, ambao hustahimili joto, na akatengeneza chombo cha kuuingiza bila kuziba njia. Mwenyewe alikihesabu hiki kuwa ndicho bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Mwaka 1920 ikaanzishwa kampuni yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1922 yeye na mkewe walipatwa na ajali ya motokaa. Bibi Mary aliumia vibaya, na akafariki mwaka uliofuata. Mzee akabaki peke yake, afya ikaporomoka, fedha zikaisha. Mwishowe aliingizwa katika hospitali ya wasiojiweza ya Eloise, nje ya Detroit. Huko ndiko alikofariki, tarehe 10 Oktoba 1929, akiwa na miaka themanini na mitano. Mtu ambaye mke wake alisaidia kuwajengea wazee makazi hakufia nyumbani kwake.

KILINDINI NA WATIA MAFUTA

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Kilindini mwaka 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Injini zake za mwanzo nyingi zilitoka Uingereza, na nyingine zilitoka Marekani, katika kiwanda cha Baldwin, Philadelphia. Mwaka 1926 gati za kwanza za maji marefu zilikuwa tayari Kilindini, na meli kubwa za mvuke zikaweza kufunga pale pale palipo na reli. Hivyo Kilindini ikawa mahali ambapo mashine za baharini na za nchi kavu zilikutana, na zote zilidai mafuta.

Injini za mvuke kubwa kuliko zote hapa kwetu zilikuwa zile za Garratt za daraja la 59. Zilitengenezwa thelathini na nne katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zikavuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Hata hizo, pamoja na ukubwa wake, ziliondoka zikiwa zimekwisha kuzungukwa na mtu na mkebe wake. Silinda zilijitia mafuta kwa vyombo vya aina aliyoishughulikia McCoy na wenzake, lakini viungo vingi vya nje vilibaki kumngoja mtu.

Na mtu huyo alikuwa nani? Katika ukoloni, kazi za reli na za bandari ziligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara ikafuata mpango huo huo. Walikuwako watu wa Kilindini walioijua injini kwa sauti yake tu, wakijua kiungo kipi kimekauka kabla hakijapata moto, lakini daraja lao halikupanda zaidi ya mkebe. Mambo hayo ya malipo na heshima ndiyo yaliyochangia mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wakati wafanyakazi wa bandari na reli walipoacha kazi pamoja na wa mji mzima.

Ilikuwa ni katika miaka ile ile ndipo ulipofikiriwa mpango wa kuwafunza ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Chuo kilijengwa Tudor kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya Mabohora na ya serikali, kikapokea wanafunzi mwaka 1951. Wengi hapa Mombasa walikijua kwa jina la MIOME. Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Elimu ambayo kijana McCoy aliivukia bahari hadi Scotland, kijana wa Majengo au wa Likoni anaweza kuifuata kwa miguu au kwa matatu.

Gari la moshi limekwisha kutoweka katika njia yetu. Dizeli ilichukua nafasi yake, na tangu 2017 reli mpya inapeleka abiria Nairobi kutoka Miritini. Mashine za leo, kuanzia kreni za bandarini hadi injini ya motokaa, hujisambazia mafuta zenyewe, na dereva hana habari. Lile swali la mtia mafuta wa Michigan limejibiwa, na jibu lake limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayelitazama.

Wenzake McCoy walichelewa kumkumbuka, lakini walimkumbuka. Mwaka 2001 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani. Mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo ilipofungua Detroit tawi la ofisi yake ya hati za uvumbuzi, la kwanza nje ya makao makuu, ililipa jina la Elijah McCoy. Kaburi lake liko Warren, karibu na mji huo, katika makaburi yaliyoanzishwa na weusi wenyewe.

Hapa kwetu watia mafuta wa Kilindini hawana jumba wala ofisi yenye majina yao. Wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Wazee wachache waliobaki wanaofahamu kazi ile bado wanaweza kuulizwa, na vijana wanaosomea uhandisi Tudor wangefanya vyema kuwaendea na daftari mkononi mapema, kwani elimu inayozikwa na mwenyewe nayo ni upotevu.